Fundi wa Kuachia Maji

Ukitoka Uvira kwenda kaskazini kwa barabara ya Bukavu, unapita Kavimvira, unapita Kiliba na miwa yake, na kabla hujafika Sange unavuka mto Runingu. Abiria wengi hawageuzi shingo hapo. Macho yao yako kwenye vizuizi vya barabarani, au upande wa kulia ambako Ruzizi inajificha nyuma ya matete na ng'ambo yake ni Burundi. Mimi hukaa kushoto, upande wa milima. Huko ndiko unakotoka mto huo mdogo, wenye jina moja na kijiji cha Runingu, na huko ndiko nilikojifunza kutazama kazi ambayo niliipita miaka mingi bila kuiona.

Njoo mwezi wa saba. Mvua imekwisha tangu mwezi wa tano. Vumbi limepanda hadi kwenye majani ya miembe, nyasi zimekauka mpaka zinalia chini ya kiatu, na ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta pa kunywa. Katikati ya ukavu huo unaona mstari. Juu ya mstari ardhi ni kahawia mpaka mguu wa mlima. Chini yake kuna mpunga, nyanya, vitunguu, lengalenga, mahindi yanayotoa ndevu. Mstari wenyewe ni mfereji wa udongo ambao mtoto wa shule anauruka bila kupiga mbio. Tofauti ya pande zake mbili ni kimo tu, kwa kuwa maji hayapandi. Aliyeuchimba alitafuta mahali pa juu kabisa ambapo maji yangekubali kupita, na kila shubiri aliyoipata huko juu iliingiza shamba la mtu mwingine upande wa kijani.

Bonde la Ruzizi linadanganya macho. Mgeni anaona ziwa kusini, mto mkubwa katikati na milima yenye mawingu magharibi, naye anadhani hapa shida ya maji haipo. Lakini mawingu yale hupakua mzigo wao juu, kwenye safu ya Mitumba na nyanda za Itombwe ambazo vilele vyake vinapita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na bonde linabaki kutazama. Huku chini mwaka mzima hauleti milimita 1,000 za mvua, na karibu zote zinanyesha kati ya mwezi wa tisa na wa tano. Nayo Ruzizi, inayotoka Ziwa Kivu na kushuka karibu mita 700 kabla ya kuingia Tanganyika, inapita chini ya usawa wa mashamba mengi. Unaweza kusimama ukingoni mwake huku mche wako unakufa kwa kiu, maana bila pampu na mafuta ya kuiendesha, maji hayo si yako. Ndiyo maana wakulima wa huku waliupa mgongo mto mkubwa, wakaelekeza majembe yao kwenye mito midogo inayoporomoka kutoka mlimani: Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi.

Akili hiyo si ya bonde hili peke yake. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, mahali panapoitwa Engaruka, kuna mashamba yaliyozungushiwa mawe, kama hekta 2,000, yaliyonyweshwa kwa mifereji ya mawe karne kadhaa kabla ya mkoloni yeyote kufika na kipimo chake. Wamarakwet wa Kenya wanaendelea hadi leo kuteremsha maji kwenye kingo za Bonde la Kerio kwa mifereji ya koo zao. Wachaga wanauita mfereji wao mfongo. Wapare wana ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi yakiwa na nguvu ya kufika mbali. Kote huko ni watu wa miguuni mwa mlima, wenye mvua haba kichwani na kijito cha baridi pembeni. Sihitaji kuwatafutia ukoo mmoja. Mteremko ni mwalimu yule yule kila mahali.

Ninayetaka kumsimulia ni mzee mmoja wa Runingu ambaye nilimfuata kwa siku tatu, tangu kwenye banio, pale maji ya mto yanapogeuzwa, hadi mwisho wa mfereji. Majirani humwita kapita, jina la zamani la msimamizi ambalo kwetu halijafa. Hana cheo kingine. Ana jembe lenye mpini uliopungua kwa mikono yake, buti za mpira ambazo huzivua akifika majini, na desturi ya kunyamaza anapoulizwa swali mpaka aone kama muulizaji ataligundua jibu mwenyewe.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye banio. Nilitarajia ukuta. Nilikuta mawe yaliyopangwa kwa mshazari, yakiukata mto kama mtu anayemshika mwenzake bega kumwelekeza njia. Katikati ya mawe yamesokotwa matawi, vigogo vya migomba, mafungu ya majani, na udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa mpaka ukashikana. Maji yalikuwa yanavuja kila mahali, naye hakuyaziba.

"Hayo ni ya watu wa chini," alisema. "Nao wana watoto."

Nikamwuliza kwa nini hawalijengi imara. Akakaa kimya kama kawaida yake, akachuma kijiti, akakitupa majini, tukakitazama kikienda. Mwishowe alisema, "Mwanangu, mto ikikasirika inatafuta mulango. Banio ikikataa kuvunjika, mto itaingia mu mufereji."

Ilinichukua muda kuelewa uzito wa maneno hayo. Mito ya Mitumba haijai kwa adabu. Mvua ikinyesha juu, maji yanashuka ghafla, mekundu, yakisukuma mawe ambayo unayasikia yakigongana kabla hujayaona maji yenyewe. Banio la matawi linasombwa mara moja. Mto unarudi kwenye njia yake, na mfereji unabaki mtupu na mzima. Kulirudisha banio ni salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya siku moja au mbili; mawe yako pale pale na migomba haijaisha. Lakini mafuriko yakiingia mferejini, yanaujaza mchanga, yanapasua kingo, yanachimba korongo katikati ya shamba la mtu, na ukarabati wake unameza msimu. Kwa hiyo banio linatengenezwa liwe dhaifu kuliko mfereji, kwa makusudi, na udhaifu huo una kipimo: livumilie maji ya kawaida, lishindwe na maji ya hasira. Kulifanya liwe gumu kupita kiasi ni kosa, kama lilivyo kosa kulifanya liwe legevu. Nimewahi kuona mahali pengine banio la saruji lililojengwa bila mlango wa kutolea mchanga. Lilisimama imara kabisa, na nyuma yake mchanga ulijaa hadi juu, mto ukapita pembeni. Saruji yenye mlango wake ni neema kubwa, sitaki nieleweke vibaya. Lakini mlango ndio fundi.

Kutoka kwenye banio tuliufuata mfereji. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mzee huyu, katika kila hatua ya kazi yake, anafikiria maji yatatokea wapi kabla ya kufikiria yataingia wapi. Mfereji wa udongo una maadui wawili. Ukiulaza mno, maji yanasinzia, yanatua tope, na baada ya miezi michache una bustani ya magugu. Ukiuinamisha mno, maji yanakimbia, yanakula kingo na sakafu, na mfereji unazama chini ya mashamba uliokusudiwa kuyanywesha. Kati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba sana. Katika udongo wa kichanga kama huu, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 1,000 unatosha. Maana yake ni kwamba ukitembea urefu wa kiwanja cha mpira, sakafu ya mfereji inatakiwa ishuke kwa upana wa kiganja tu. Jicho la kawaida haliuoni mteremko huo. Jirani ya mlima unaoinuka vile, jicho hata linaweza kuapa kwamba maji yanapanda.

Mzee hana chombo cha kupimia. Anapima kwa maji yenyewe: unachimba kipande kifupi, unayaita maji yaingie, unatazama yanavyokaa, unasonga mbele kipande kingine, maji yakikufuata nyuma ya jembe kama mbuzi anayefuata chumvi. Na mfereji ukishakuwapo, anaupima kwa jani. Alichuma jani la mwembe, akaliweka juu ya maji, akaanza kutembea kando yake polepole, mikono nyuma. Jani likimwacha, pana mteremko mkali, naye anatia mawe sakafuni kuyapunguza maji kasi. Yeye akiliacha jani mbali sana, pana tope, naye anaingia na jembe. Tulitembea hivyo asubuhi nzima. Mahali pamoja jani lilizunguka mara mbili, likasita, likaendelea. Akasimama. Akavua buti, akaingia, akapapasa kwa vidole vya miguu kwenye ukingo wa chini, akakuta tundu la panya lisilozidi ngumi. Akalishindilia bonge la udongo lenye mizizi ya nyasi, majani yakiwa upande wa nje, akalikanyaga kwa kisigino mara saba au nane huku akiangalia kwingine, kama mtu anayesikiliza.

Nilijaribu kulikanyaga bonge la pili mwenyewe. Likapasuka. Nilikuwa nimelichimba pakavu, na bonge kavu likilowa linavunjika. Lake alilichimba kwenye unyevu, chini ya mfereji, ambako mizizi imesukana. Nimeandika makala nyingi kuhusu kilimo katika maisha yangu na sikulijua jambo hilo.

Kwenye mgawanyo wa maji ndiko watu wanakogombana, na ndiko ufundi unakogeuka kuwa uamuzi. Mfereji mmoja una watu wa kichwani, walio karibu na banio, na watu wa mkiani. Watu wa kichwani hawahitaji kuiba. Wakilala tu na kusahau kufunga, wa mkiani wamekosa. Kuna majaruba ya wenye ardhi na majaruba ya wanaokodi msimu kwa msimu, na mara nyingi anayekodi ndiye aliye mkiani. Dawa inayojulikana ni zamu. Ndugu zetu wa Oman wameifikisha zamu kwenye kilele chake: maji ya falaj, mfereji wao, yanagawanywa kwa muda, na fungu la nusu saa lina jina lake, athar, ambalo mtu anaweza kulirithi au kulikodisha kama mali nyingine yoyote. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota zinazochomoza juu ya mlima, na ilimbidi msimamizi wa falaj azijue nyota zake kwa majina. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya aina hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hapa Runingu saa inatoka kwenye simu ya mkononi, lakini kazi ni ile ile: kumwambia mtu mwenye shamba lenye kiu kwamba muda wake umekwisha.

Na ili ujue muda wa kila mtu, lazima ujue kiasi cha maji, na ili ujue kiasi, lazima uwe umewahi kuyabeba. Nipige hesabu kwa kipimo tunachokijua sote huku kwetu, bidoni la njano la lita 20. Mfereji mdogo unaopitisha lita 20 kwa sekunde unapitisha bidoni moja kila moyo unapodunda. Chukua jaruba la mita 20 kwa 20. Kulifunika kwa maji ya kimo cha sentimita 5 unahitaji lita 20,000, yaani bidoni 1,000. Kwa mfereji huo ni dakika kama 17, ikiwa ardhi imekwisha kushiba na hainywi. Ikiwa imepasuka kwa jua, zidisha mara mbili, mara tatu. Wataalamu wa mpunga wanasema kilo 1 ya mpunga wenye maganda hutumia shambani wastani wa lita 2,500 hivi. Ni bidoni 125. Kila ninapomwona binti amejitwika bidoni moja akipanda kutoka mtoni shingo ikitetemeka, hesabu hiyo inanirudia.

Ndiyo sababu nilisimama muda mrefu kuliko popote kwenye jaruba la mama mmoja aliyekuwa anasawazisha. Kusawazisha hakupigwi picha. Ni kuinama kwenye tope la magotini na kusogeza ardhi kutoka hapa kwenda pale, kidogo kidogo. Alikuwa ameingiza maji membamba, sentimita 2 tu, ili maji yamwoneshe ukweli: palipoinuka pakawa visiwa vyeusi, palipozama pakawa vioo. Akapita na jembe, akichota kisiwa na kukimwaga kiooni, kisha akavuta gogo la mgomba kwa kamba juu ya tope ili lilambe alama. Akasubiri maji yatulie. Vikabaki visiwa vitatu. Akarudia. Kikabaki kimoja, kwenye kona, cha ukubwa wa sinia. Mimi ningekwenda nyumbani. Yeye akarudia. Nilipopiga hesabu baadaye nilimwelewa: kona ikiinuka sentimita 5, na ukataka miche ya pale nayo ifunikwe, lazima ulijaze jaruba zima sentimita 5 zaidi. Ni bidoni 1,000 kwa ajili ya sinia moja la udongo, na si mara moja, ni kila zamu hadi mavuno. Yule mama alikuwa anachota maji kwa jembe. Alikuwa anayachota kabla hayajaja.

"Maji haina macho, baba," aliniambia alipoona nimeshangaa. "Macho ni yetu."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wakulima wengi wazuri bado wanalipinga, na ambalo mimi nimekubali. Mpunga si samaki. Tumezoea kuuona ukiogelea tangu kupandikizwa hadi kukomaa, tukaamini maji ndiyo chakula chake. Mwaka 1983, Madagaska, padri Mjesuiti aitwaye Henri de Laulanié aliona kwamba miche michanga, iliyopandikizwa mmoja mmoja kwa nafasi, kwenye udongo unaoloweshwa na kuachwa upumue, inatoa machipukizi mengi na mizizi mirefu kuliko ile iliyosongamana kwenye bwawa. Tanzania wanakiita kilimo shadidi cha mpunga. Watafiti wa mpunga nao wana njia ya kuacha jaruba likauke kwa kiasi na kulowesha tena: unachimbia bomba lenye matundu, unachungulia ndani, na maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndipo unapofungua. Mizizi bado inayafikia. Maji yanayookolewa yanaweza kufika asilimia 30, na mavuno hayapungui, mradi mpunga ukichanua usiuache na kiu. Kuna faida nyingine ambayo kwa bonde lenye malaria haifai kupuuzwa: viluwiluwi vya mbu havipendi bwawa linalokauka kila baada ya siku chache.

Mzee hana bomba lenye matundu. Anatumia nyufa. Aliniinamisha kwenye jaruba lililoachwa siku nne, akaniambia nitie kucha kwenye ufa. Ufa wa unywele ni salama. Ufa unaopokea kucha, fungua jioni. Ufa unaopokea kidole umechelewa, na maji utakayoleta yatapita humo moja kwa moja kwenda chini, hayatakaa. Kisha akachota udongo wa chini kidogo, akaufinya mkononi, akafungua kiganja: donge lilishikana likiwa na alama za vidole vyake. Akaridhika, akasimama, akamwambia mwenye shamba asubiri kesho kutwa. Mwenye shamba hakufurahi. Kwa mtu aliyekulia kwenye njaa, kuyakataa maji yanayopita mlangoni ni jambo gumu, na sitamlaumu.

Lakini kuna ubishi ambao bonde lenyewe limekwisha kuumaliza. Shuka chini zaidi, kuelekea Ruzizi, wakati wa kiangazi. Utaona mahali ardhi imepakwa weupe kama unga uliomwagika. Ni chumvi. Maji yote ya mto yana chumvi kidogo, udongo wa chini huku una yake, na jua linapoyavuta maji juu linaiacha chumvi pale pale. Ukiingiza maji shambani bila kuyapa njia ya kutoka, kila zamu inaongeza tabaka usiloliona, mpaka siku mche wa mpunga unapogeuka njano kwenye maji ya kutosha. Ustaarabu mzima wa kusini mwa Iraki ya kale ulihangaika na weupe huo. Kwa hiyo kila jaruba la mzee lina milango miwili. Wa kuingilia kila mtu anautunza. Wa kutokea, ule unaofungukia mtaro wa chini, unasahauliwa, unaota matete, wengine wanauziba wakidhani wanaokoa maji. Katika siku zile tatu nilimwona akikasirika mara moja tu, na ilikuwa mbele ya mtaro ulioziba. Hakumgombeza mtu. Alishuka mwenyewe, mzee wa umri ule, akaanza kung'oa matete kwa mikono, na vijana wakaona aibu wakashuka.

Mambo yanayoitishia kazi hii ni makubwa kuliko mikono hiyo. Juu mlimani miti inakatwa kwa makaa ya kupikia Uvira na Bujumbura, na mteremko uliokuwa unakunywa mvua sasa unaitema yote kwa siku moja, pamoja na udongo. Mwezi wa nne wa 2020 mto Mulongwe ulipasua katikati ya mji wa Uvira, ukachukua nyumba na makumi ya watu usiku mmoja. Ziwa nalo lilipanda miaka iliyofuata hadi kumeza nyumba za pwani. Kisha vita. Barabara hii ya Runingu imepitiwa na majeshi mengi tangu 1996, yenye majina yanayobadilika, na kila yanapopita watu hukimbilia Burundi au mlimani. Mfereji hauhitaji bomu ili ufe. Watu wakikosa salongo kwa msimu mmoja, panya, matete na tope hufanya kazi iliyobaki. Wakirudi wanakuta mstari wa kijani umefutika, na watoto waliozaliwa kambini hawajui ulipitia wapi. Mzee amerudi na kuufufua zaidi ya mara moja. Anasema mara ya kwanza aliupata kwa kufuata miembe, kwa sababu miembe mikubwa ilikuwa imeota kwenye ukingo wa chini.

Usiku wa tatu ulikuwa zamu ya watu wa mkiani. Tuliondoka saa nne, mbalamwezi ikiwa nusu. Kwenye jaruba la kwanza kijana mwenye shamba alikuwa amesimama kwenye mlango, mguu mmoja ndani ya maji, na maji yalikuwa yanaingia kwake kwa sauti nene, ya kushiba. Aliomba dakika kumi. Mzee akatoa simu mfukoni, akammulikia usoni saa yenyewe bila kusema neno. Kijana akaomba tano. Mzee akachota bonge la udongo lenye mizizi, pale penye unyevu, majani yakitazama nje, akaliweka mlangoni, akalikanyaga. Sauti ikabadilika. Maji yakasita, yakapanda kidogo kwenye kingo, halafu yakajua njia.

Tukayafuata. Yalikuwa yanasogea kwenye mfereji mkavu polepole kuliko mtu anavyotembea, yakisukuma mbele yake povu, majani makavu, na wadudu waliokuwa wanakimbia kuokoa roho zao. Harufu ya udongo ukilowa ilitutangulia. Mbali, mwisho kabisa, palikuwa na tochi moja iliyowekwa chini, na kando yake mama yule wa visiwa vitatu, amekalia mpini wa jembe, amejifunga kitenge kwa baridi. Hakuuliza kama maji yanakuja. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye sakafu ya mfereji. Mzee akapiga mluzi mfupi, naye akainuka, akaanza kufungua.